Mzigo Unapimwa, Nati Hazipimwi

Wilayani Mbinga kahawa haiuzwi kwa macho. Mkulima wa Maguu au Litembo akifikisha gunia lake kwenye AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, linapandishwa mizani, kilo zinaandikwa, na asiporidhika anadai lipimwe upya. Makaa ya mawe ya Ngaka nayo yanapimwa kabla lori halijaondoka, kisha yanakutana na mizani ya TANROADS njiani, maana tangu 2019 Tanzania inatekeleza sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayokataza lori na mzigo wake kuvuka tani 56. Mfanyabiashara wa samaki wa Liuli au Mbamba Bay ana mizani yake ya kuning'iniza, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara kila mwaka na kuzibandika stika. Nati zinazoshikilia magurudumu ya magari yanayobeba kahawa hiyo, makaa hayo na samaki hao, hazipimwi na mtu. Zinakazwa kwa mkono, kwa kisigino, kwa kipande cha bomba au kwa mashine ya upepo, mpaka fundi pancha aridhike kwamba zimekaza.

Dunia ina chombo cha kazi hii: spana ya torki, yaani spana yenye kipimo, inayotoa mlio na kulegea kidogo mkononi nguvu iliyopangwa inapofikiwa. Chanzo chake hutajwa kuwa Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York. Mwaka 1918 alitafuta njia ya kuzuia mafundi wasikaze kupita kiasi bolti za mabomba makubwa. Zaidi ya karne imepita. Swali la kuchambua ni kama spana hiyo inahitajika kweli kwenye gereji za Mbinga na Wilaya ya Nyasa, na kama ikipatikana itatosha. Jibu langu ni kwamba inahitajika sana, na kwamba yenyewe peke yake haitoshi, kwa sababu inapima jirani wa kitu tunachokitaka, haikipimi kitu chenyewe.

Tuanze na kinachoshikilia gurudumu. Wengi tunadhani rimu inaning'inia juu ya bolti, na bolti ndizo zinazobeba gari. Gari lililofungwa sawasawa halifanyi hivyo. Rimu inabanwa kwenye uso wa habu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito, unaopokea breki na unaostahimili kona. Kazi ya bolti ni kuvuta tu. Nati inapokazwa bolti inarefuka kidogo, na kwa kuwa chuma kinataka kurudi kwenye urefu wake wa awali, kinaivuta rimu kwenye habu kama mpira wa manati uliotanuliwa. Chukua Toyota Noah, gari la abiria tunalolijua sote. Bolti zake zina kipenyo cha milimita 12, na Toyota inataka kila nati ikazwe kwa torki ya nyutoni mita 103, yaani Nm 103. Nyuso zikiwa safi na kavu, torki hiyo inaifanya kila bolti ivute kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya tani nne. Bolti tano zinafikisha zaidi ya tani ishirini katika gurudumu moja. Na urefu ambao bolti imeongezeka ili kuzaa nguvu yote hiyo ni kama milimita 0.06, pungufu ya unene wa karatasi ya daftari.

Msomaji aishike vizuri namba hiyo ya mwisho. Usalama wa gari zima lenye abiria umewekwa kwenye mvuto wa chuma usioonekana kwa jicho, mwembamba kuliko karatasi, na kila kitu kinachoweza kula karatasi hiyo kinaweza kung'oa gurudumu.

Sasa tuhesabu kisigino. Torki ni nguvu ukizidisha kwa urefu wa mkono wa spana. Utingo mwenye kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote juu ya spana ya tairi yenye mkono wa sentimita 30, anatoa takriban Nm 206. Noah inataka 103, kwa hiyo ameizidishia mara mbili. Lakini akienda kwenye Land Cruiser ya kazi yenye rimu za chuma, kama zile za hospitali, parokia na halmashauri zinazopanda milima ya Umatengo, anakuta Toyota inataka Nm 209. Kisigino kilekile, spana ileile, na sasa amepatia karibu kabisa. Akihamia kwenye Scania ya makaa, ambayo nati zake zinataka kama Nm 600, kisigino hicho kimefika theluthi moja tu ya safari. Ndiyo maana watu wa malori wanachomeka bomba. Bomba likifanya mkono ufike mita moja, uzito wa kilo 61 tu unatoa karibu Nm 600, kwa hiyo utingo anayelalia bomba lake kwa utulivu, bila kurukaruka, yuko jirani sana na alichoagiza mtengenezaji. Bomba hilohilo likiazimwa kufunga tairi la Noah linatoa karibu Nm 690, zaidi ya mara sita ya kinachotakiwa, na hapo bolti ya milimita 12 inakatika au inabaki imerefuka moja kwa moja isirudi tena.

Hesabu hiyo inaeleza malumbano ambayo hayaishi kwenye gereji zetu. Mzee wa malori anasema amefunga kwa bomba miaka yote na gurudumu halijawahi kumtoka, na anasema kweli. Dereva wa Noah analalamika kwamba bolti zake zinakatika kila akibadilisha tairi, naye anasema kweli. Wote wanatumia ujuzi uleule wa mwili, ila mwili haujui kipenyo cha bolti iliyo mbele yake. Fundi anayefunga Scania asubuhi, Land Cruiser mchana na Noah jioni, mkono wake umezoea kiasi kimoja cha juhudi na utakitoa kwa wote. Hapa ndipo spana ya torki inapostahili nafasi yake. Inamwezesha fundi mmoja kuwa na mikono mitatu tofauti.

Kukaza kupita kiasi kunastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu watu wengi wanakuhesabu kama kosa la kheri. Bolti iliyovutwa kupita uwezo wake inapoteza tabia ya kurudi. Inabaki ndefu kidogo, na kila ikifungwa tena inavuta kwa nguvu ndogo zaidi huku mkono wa fundi ukisikia ugumu uleule. Kwenye breki za diski, kama za mbele kwenye Noah, nati zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana zinaipinda diski kidogo, na dereva anaanza kusikia usukani na kanyagio vikitetemeka anapofunga breki. Hapo anabadilisha pedi, anabadilisha diski, na mwisho anaenda kwa yuleyule aliyezikaza vibaya. Rimu za aloi hupasuka pembeni ya matundu. Na siku ya pancha, usiku, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, mama aliye peke yake na spana fupi iliyokuja na gari hataweza kuzifungua nati zilizofungwa kwa bomba. Hilo nalo ni suala la usalama, ingawa sijasikia likihesabiwa hivyo.

Kuna jambo zito kuliko hilo, nalo ndilo lililonifanya niseme spana inapima jirani. Tunachotaka ni mvuto wa bolti. Spana inapima ugumu wa kuizungusha nati. Kati ya hivyo viwili kuna msuguano, na msuguano unakula karibu kila kitu: katika nati ya kawaida, kiasi cha nusu ya juhudi inaishia chini ya uso wa nati, asilimia 40 hivi inaishia kwenye thredi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Badilisha msuguano kidogo, na mvuto unabadilika sana huku namba kwenye spana ikibaki ileile. Thredi zilizokula kutu zinafanya spana ilie mapema, kabla bolti haijavutwa inavyostahili. Fundi anasikia mlio, anaridhika, na gurudumu limefungwa nusu. Thredi zilizopakwa grisi zinafanya kinyume chake: kwa Nm 103 zilezile, bolti inaweza kuvutwa kwa nusu zaidi ya ilivyokusudiwa, na hapo inakaribia au inapita kikomo chake. Magari madogo yanatakiwa kufungwa makavu na masafi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Malori ni habari nyingine. Mengi yenye nati za washa pana huruhusiwa tone la oili kwenye thredi na kati ya nati na washa yake, lakini kamwe si kati ya rimu na habu, maana pale tunataka nyuso zing'ang'aniane. Fundi wa magari makubwa anayehamisha kopo lake la grisi kwenye gari dogo anaharibu kwa nia njema.

Kisha kuna vumbi. Ukitoka kwenye lami na kuingia barabara za vijijini za Umatengo, za Mapera au Langiro, udongo mwekundu unapenya kila mahali, na mvua ikinyesha unaganda kama plasta. Tairi likibadilishwa kando ya njia, tabaka la udongo, kutu au rangi mpya linabaki kati ya rimu na habu. Nati inakazwa juu ya tabaka hilo na kila kitu kinaonekana kigumu. Gari linatembea, tabaka linasagika na kulala, labda kwa milimita 0.05 tu, na karibu mvuto wote wa bolti umekwisha bila nati yenyewe kuzunguka hata kidogo. Ndiyo maana rimu iliyopigwa rangi upya ili ipendeze ni hatari kama uso wake wa ndani, ule unaogusa habu, umepakwa rangi nzito. Brashi ya waya, chombo cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gereji, inalinda maisha ya watu kuliko spana ya gharama inayotumika juu ya uchafu. Nikitakiwa kuchagua kimoja tu cha kumpa kijana anayeanza kazi ya pancha pale stendi ya Mbinga, nitampa brashi kwanza.

Mvuto ukishapungua, barabara inamalizia kazi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua nati zaidi ya kitu kingine ni mtelezo wa pembeni: vipande viwili vilivyobanwa vikianza kuteleza kimoja juu ya kingine, hata kidogo sana, msuguano ndani ya thredi unapotea kwa vipindi vifupi na nati inajizungusha yenyewe kurudi nyuma. Kwa hiyo nati iliyobana sawasawa haihitaji kufuli, na nati iliyobana nusu inaweza kufunguka hata ikiwa na washa. Mitikisiko ya barabara mbovu inasingiziwa mengi, lakini mtikisiko unadhuru pale unapoikuta rimu inayoteleza. Usipoikuta, unapita.

Barabara ya kwenda ziwani inaongeza joto. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 470. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inakatiza milima na kushuka tofauti hiyo ya zaidi ya mita 800. Lori la tani 10 likishuka kiasi hicho linaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 200 za maji baridi. Dereva anayetumia gia vizuri ataiacha injini ichukue sehemu kubwa ya mzigo huo. Anayekanyaga breki kutoka juu hadi chini anaipeleka karibu yote kwenye dramu, na dramu imeshikana na habu, rimu na bolti. Chuma kinatanuka, rangi inalainika, kisha vyote vinapoa ziwani. Kila mzunguko wa joto na baridi unalilaza zaidi lile tabaka kati ya nyuso. Hii pia ni sababu ya kutokaza nati wakati habu inaunguza mkono. Subiri ipoe ndipo upime.

Kutokana na yote hayo, watengenezaji na wizara za uchukuzi katika nchi nyingi wanasisitiza kukaza upya baada ya gari kutembea kidogo. Wizara ya uchukuzi ya Japani inaagiza malori yakaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu tairi lifungwe. Ramani ya Ruvuma inalirahisisha jambo hili. Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Mbinga hadi Songea ni karibu kilomita 100, kwenye lami ambayo kipande chake cha kilomita 78 kutoka njia panda ya Peramiho kilijengwa chini ya mkataba wa Tanzania na shirika la Marekani la MCC wa 2008 hadi 2013. Tairi lililofungwa Mbinga asubuhi linafika Mbamba Bay likiwa limetembea umbali uleule unaotakiwa. Lori la makaa lililobadilishwa tairi Kitai likisimama Songea limetimiza masharti kabla halijaanza safari ndefu ya Namtumbo, Tunduru, Masasi na bandari ya Mtwara. Ukaguzi wenyewe ni mwepesi: usilegeze kwanza, weka spana kwenye kipimo, vuta taratibu. Ikilia bila nati kusogea, endelea na safari. Nati ikizunguka robo au zaidi, kuna kitu kilikuwa kati ya nyuso. Ikizunguka hivyo tena safari ya pili, vua tairi uangalie, usiendelee kukaza tatizo.

Kwenye malori ya Kijapani yaliyotumika, ambayo ndiyo yanayobeba kahawa nyingi, mahindi na mbao za wilaya hizi, kuna mtego ambao sioni ukizungumzwa vya kutosha. Fuso na Canter za zamani zilitengenezwa kwa mfumo ambao nati za upande wa kushoto zina thredi za kushoto, yaani zinakazwa kwa kuzungusha kinyume cha kawaida. Haikuwa mapambo. Gurudumu la kushoto linapozunguka mbele, mtelezo wowote unaelekea kuifungua nati ya thredi ya kawaida na kuikaza ile ya kushoto. Kuelekea 2010 malori mapya ya Japani yalihamia mfumo wa kimataifa wenye thredi za kawaida pande zote, na tangu hapo wizara yao imekuwa ikiripoti kwamba magurudumu mengi yanayochomoka ni ya nyuma kushoto. Uingereza iliona mwelekeo uleule. Nchi hizo mbili zinaendesha upande wa kushoto wa barabara, kama sisi, na barabara huinama kuelekea pembeni, kwa hiyo upande huo unabeba zaidi. Sasa kwenye gereji moja ya Mbinga linaingia Fuso la zamani lenye thredi za kushoto, na baada yake la miaka ya karibuni lisilo nazo. Fundi asiyesoma alama kwenye bolti ataifungua nati akidhani anaikaza, na atalaumu kutu akiona haishiki.

Magurudumu mawili ya nyuma ya malori hayo ya zamani yana siri nyingine. Kila bolti ina nati mbili: ya ndani yenye kichwa cha mraba cha milimita 21 inayoshika gurudumu la ndani, na ya nje ya milimita 41 inayofungwa juu ya ile ya ndani. Ukitaka kukaza upya, huwezi kuigusa ya nje ukadhani umemaliza. Unalegeza ya nje kidogo, unaikaza ya ndani kwa kipimo chake, karibu Nm 540 hadi 590 kwa malori makubwa, ndipo unarudisha ya nje kwa kipimo hichohicho. Na huzilegezi zote kwa pamoja, unakwenda chache chache ili gurudumu lisikae bila mshiko. Anayekaza ya nje peke yake kila safari anaweza kuwa na gurudumu la ndani linalocheza kwa muda mrefu bila yeye kujua, mpaka matundu ya rimu yawe marefu kama yai.

Nasisitiza ufundi, lakini sitaki uchambuzi huu ugeuke kuwa mashtaka dhidi ya mafundi na utingo. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilisema chanzo ni matunzo mabovu ya wenye magari. Mwaka 2004 ilikiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro ya usanifu, na waliokuwa wafanyakazi wake walitiwa hatiani mahakamani. Nati zilikuwa mahali pake, habu ndiyo iliyovunjika. Gurudumu likichomoka huku, sentensi ya kwanza ya kila mtu ni kwamba aliyelifunga alizembea. Mara nyingi itakuwa hivyo, lakini uchunguzi wa haki unaanza kwa kuangalia ni nini kimeachana na nini. Bolti zilizokatika zikiwa na nyufa za zamani zenye kutu zinasimulia uchovu wa chuma. Thredi nzima zisizo na nati zinasimulia kulegea. Habu iliyopasuka inasimulia mengine kabisa, na wanaookota vipande kando ya barabara wasiviuze vyuma chakavu kabla mkaguzi hajaviona.

Kuhusu matumizi ya spana yenyewe sitarefusha. Nati zianze kwa mkono, zisogezwe kwa spana ya kawaida gari likiwa juu ya jeki, kwa mpangilio wa nyota, yaani moja kisha inayoelekeana nayo, ili rimu ikae sawa. Umbo la nati lilingane na tundu: Toyota nyingi za rimu za chuma zinatumia koni, Honda nyingi zinatumia umbo la mviringo kama mpira, na kuzichanganya ni kuibana rimu kwenye ncha. Gari lishushwe chini ndipo spana ya torki iingie, ivutwe taratibu mpaka mlio mmoja. Mlio wa pili na wa tatu wa kujihakikishia unaongeza torki. Isitumike kufungulia nati. Ikimaliza kazi irudishwe kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo chake, la sivyo springi ya ndani inachoka. Kiwango cha kimataifa kinataka ihakikiwe baada ya mwaka mmoja au kuvutwa mara 5,000, kutegemea kipi kimetangulia, na hapa Shirika la Viwango (TBS) wenye maabara ya vipimo Dar es Salaam wangeweza kuleta huduma mikoani kama Wakala wa Vipimo wanavyozifuata mizani. Fundi asome pia kipimo kwa kizio chake. Kitabu cha Noah kutoka Japani kimeandikwa Kijapani, lakini namba inasomeka: Nm 103, ambazo vitabu vya zamani huziandika kama kilogramu-sentimita 1,050. Akizichukua 103 akaziweka kwenye upande wa spana ulioandikwa kwa futi na ratili, atakuwa amefunga kwa karibu Nm 140.

Na asiye na spana hiyo? Mizani ya kuning'iniza inaweza kumsaidia. Shika spana ya tairi yenye mkono wa sentimita 42, pima kutoka katikati ya nati hadi pale unapofunga ndoano ya mizani, kisha vuta mizani ikiwa imesimama pembe mraba na spana. Mshale ukifika kilo 25 umetoa Nm 103. Kwa Land Cruiser ya rimu za chuma vuta mpaka karibu kilo 51. Kwa lori, kwa mkono wa mita moja, kilo 60 zinakupa karibu Nm 590. Fizikia ni ileile iliyomo ndani ya spana ya duka, na ile mizani ya samaki ina stika ya serikali. Usahihi wake unategemea mkono uliotulia, lakini ni bora mara nyingi kuliko kisigino. Ningependa kila mwanafunzi wa ufundi magari wa VETA Songea aifanye hesabu hii kwa mikono yake mara moja, kisha apewe nati moja yenye kutu na moja safi azifunge kwa kipimo kimoja.

Polisi wa usalama barabarani na wakaguzi wa LATRA hawawezi kupima kila nati, na sioni haja wafanye hivyo. Semi yenye ekseli sita ina nati 120, na kuzipima zote barabarani ni foleni isiyo na mwisho. Wanachoweza ni kudai mstari wa rangi kutoka kwenye nati kuingia kwenye rimu, uliochorwa baada ya kukaza kwa kipimo. Hata rangi ya kucha inafaa. Nati ikizunguka, mstari unakatika, na anayekagua anaona kwa sekunde chache akiwa amesimama. Anaona vilevile michirizi ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati, vumbi jeusi linalong'aa kuzunguka tundu, na gurudumu la Noah linalotembea na nati nne kwa sababu ya tano ilikatika mwezi uliopita na haikurudishwa.

Swali la nani anunue spana lina jibu jepesi zaidi kwa magari madogo. Spana moja ya Nm 40 hadi 210 inahudumia Noah, Hiace na Land Cruiser, na umoja wa madereva wa stendi unaweza kuimiliki na kumkabidhi fundi mmoja aliyefundishwa. Ya malori, inayofika Nm 800 au 1,000, ni nzito na ya gharama, na hiyo inapaswa kuwa ya kampuni za usafirishaji na vyama vikuu vya ushirika vyenye malori. Bandari mpya ya Mbamba Bay inatarajiwa kuleta semi nyingi zaidi kwenye mteremko ule wa kilomita 66, kwa hiyo spana ya pili kubwa isiwekwe Mbinga. Iwekwe chini, ziwani, mahali ambapo nati zilizofungwa milimani zinafika zikiwa zimetembea umbali wa kukaguliwa, na ambapo lori linasubiri mzigo kwa saa za kutosha habu zake zipoe.